OVA za Kijapani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na anayetafuta anime ya kutazama

Maswali haya huja yaleyale kila mtu anapomaliza Naruto au Demon Slayer na kutaka kitu cha aina nyingine. Nimeyajibu kwa upendeleo wangu wote. Anayetafuta orodha isiyomuudhi mtu, hii siyo.

OVA ni nini hasa?

Ni anime, yaani katuni ya Kijapani, iliyotengenezwa ili iuzwe moja kwa moja kwenye kanda ya video, na baadaye kwenye DVD na Blu-ray, bila kuanzia kwenye televisheni wala ukumbi wa sinema. Inayohesabiwa kuwa ya kwanza ni Dallos, hadithi ya wachimba madini wa mwezini wanaoasi watawala wao walioko duniani. Ilianza kutoka Desemba 1983, chini ya waongozaji Mamoru Oshii na Hisayuki Toriumi. Itazame kama unapenda historia. Kama unatafuta burudani tu, ipite.

Kwa nini hazikupelekwa kwenye televisheni kama nyingine?

Kwa sababu televisheni ina masharti yake. Kipindi lazima kijae nusu saa pamoja na matangazo, lazima kitoke kila wiki, na anayekilipia mara nyingi alikuwa mtengeneza vinyago aliyetaka watoto waone roboti lake likipigana. Kufikia miaka ya 1980, watoto waliokulia mbele ya katuni hizo walikuwa wamekua. Walikuwa na mishahara, walikuwa na deki za video nyumbani, na uchumi wa Japani ulikuwa unapaa. Kanda moja iliweza kuuzwa zaidi ya yeni 10,000 na bado ikapata wanunuzi, kuanzia mashabiki wenyewe hadi maduka ya kukodisha.

Hapo ndipo utamu ulipoanzia. Mtu akishalipa mapema, haimlazimu mwongozaji kumbembeleza kila baada ya dakika kumi ili asibadilishe chaneli. Hadithi ikihitaji dakika 25, inapewa 25, na ikihitaji sehemu 110, inapewa. Wachoraji walipata miezi, si siku, kati ya sehemu moja na nyingine. Steringi aliweza kufa na asifufuke. Uhuru huohuo ulizaa takataka nyingi pia, na hizo nitazifikia.

Nianze na ipi?

Mobile Suit Gundam 0080: War in the Pocket, sehemu 6 za mwaka 1989, mwongozaji Fumihiko Takayama. Watu hushangaa nikiitaja ya kwanza, maana jina Gundam, mfululizo mrefu wa vita vya maroboti, huwatisha.

Anayebeba hadithi hapa si rubani. Ni Al, mtoto wa shule ya msingi anayeishi kwenye koloni la angani ambalo halijachukua upande katika vita. Kwake na kwa wenzake darasani, vita ni kama ligi ya mpira: wanabishana roboti la nani ni kali zaidi na kutamani angalau waione kidogo kwao. Wanaiona. Zaku, roboti la jeshi la Zeon, linatunguliwa na kuanguka jirani. Al anakimbilia huko na kamera yake ya video, na anayemkuta ni Bernie, rubani kijana asiye na uzoefu, anayemwelekezea bastola. Mtoto haijali sana bastola, macho yake yako kwenye beji ya cheo. Wanamaliza kwa kubadilishana: rubani anachukua diski ya kamera, mtoto anaondoka na beji, anatembea kama aliyeshinda bahati nasibu.

Kila kitu kinachofuata kimefungwa ndani ya biashara hiyo ndogo. Bernie anarudi kwenye koloni akiwa na kikosi cha siri, Al anajiunga nao kama vile ni mchezo, na jirani yao Chris, dada mkarimu ambaye Bernie anaanza kumpenda, ana kazi ambayo wote wawili hawaijui. Maroboti yanapigana kwa dakika chache tu katika sehemu zote sita. Muda uliobaki ni mtoto anayejifunza polepole kile alichokuwa anakishangilia. Sehemu ya mwisho usiitazame usiku ambao kesho yake una kazi.

Lakini sijawahi kutazama Gundam hata moja. Sitapotea?

Hutapotea. Jua tu kwamba upande wa dunia unaitwa Shirikisho, Zeon ni makoloni yaliyojitangazia uhuru, na wanapigana. Al mwenyewe hajui zaidi ya hapo.

Mimi ni mtu wa mapanga na samurai. Kuna nini?

Rurouni Kenshin: Trust & Betrayal, sehemu 4, mwaka 1999, mwongozaji Kazuhiro Furuhashi. Kama uliwahi kuona katuni ya Kenshin ya televisheni, yenye vichekesho na macho makubwa, isahau. Hii inarudi nyuma kwenye miaka ya 1860, Kyoto, wakati utawala wa shoguni, mtawala wa kijeshi, unaporomoka na kijana wa miaka kumi na kitu anatumiwa na waasi kuua watu usiku.

Mwanzo wake peke yake unatosha kukuamulia. Msafara wa watumwa unavamiwa na majambazi, wote wanauawa isipokuwa mtoto mmoja wa kiume. Bingwa wa upanga, Hiko Seijuro, anatokea, anawamaliza majambazi, anamwacha mtoto na kwenda zake. Anaporudi anakuta uwanja umejaa makaburi. Mtoto amewazika wote, waliomnunua na waliotaka kumuua, bila kubagua. Hiko anampa jina jipya na kumfundisha upanga, na wewe mtazamaji unabaki ukijiuliza mtoto wa namna hiyo amefikaje kuwa muuaji.

Kisha anaingia Tomoe, mwanamke anayenukia manukato ya maua ya mplamu mweupe, na hadithi inageuka kuwa ya ndoa. Ukatili umo, na damu si ya kuigiza nusunusu. Muziki wa Taku Iwasaki ni wa kusikiliza hata bila picha.

Nina muda mdogo na bando ndogo zaidi. Nipe kitu kifupi.

Voices of a Distant Star ya Makoto Shinkai, 2002, dakika 25. Huyu ndiye Shinkai aliyekuja kutengeneza filamu ya Your Name, lakini wakati huu alikuwa anafanya karibu kila kitu peke yake, nyumbani, kwenye kompyuta yake ya Macintosh. Msichana Mikako anapelekwa vitani angani, mvulana Noboru anabaki duniani, na wanaandikiana meseji kwa simu. Kadiri chombo kinavyosogea mbali, ndivyo meseji zinavyochelewa: mwanzo kidogo, halafu miezi, halafu inafika inayohitaji miaka zaidi ya 8. Wahusika wamechorwa vibaya, tuseme ukweli. Anga, mawingu na mataa ya mtaani yamechorwa na mtu ambaye tayari anajua anachotaka. Yeyote mwenye mtu wake Muscat au Minneapolis ataelewa upesi kwa nini watu huilia.

Ukipenda hiyo, ongeza Pale Cocoon ya Yasuhiro Yoshiura, 2006, nayo haifiki nusu saa.

Mimi nataka maroboti yapigane, vilio baadaye.

Giant Robo, basi. Sehemu 7, zilizochukua kuanzia 1992 hadi 1998 kukamilika, na kila senti inaonekana kwenye skrini. Mwongozaji Yasuhiro Imagawa alichukua wahusika wa mchora katuni mkongwe Mitsuteru Yokoyama kutoka vitabu mbalimbali na kuwamwaga kwenye hadithi moja: mtoto Daisaku anayeamuru jitu la chuma kwa saa ya mkononi, mabingwa wanaopasua ukuta kwa kupiga vidole, na nishati mpya safi inayoendesha dunia nzima huku ikificha dhambi ya zamani. Muziki ni wa okestra kamili ya Warsaw. Watu wanapiga kelele mno na kulia mno, kama taarabu ya usiku wa manane, na ndivyo inavyotakiwa.

Baada yake, Gunbuster, sehemu 6, 1988 hadi 1989, kazi ya kwanza ya Hideaki Anno kama mwongozaji, miaka kadhaa kabla ya anime yake maarufu, Evangelion. Nakuonya kwamba mwanzo wake ni utani: wasichana wa shule wanafanya mazoezi ya viungo wakiwa ndani ya maroboti, na kamera ina tabia mbaya. Vumilia. Hadithi inachukua kanuni ya kweli ya fizikia, kwamba anayesafiri karibu na kasi ya mwanga muda wake huenda taratibu kuliko wa waliobaki, na inaifuata bila huruma. Noriko anarudi duniani bado msichana, rafiki yake Kimiko tayari ana mtoto. Sehemu ya sita imechorwa kwa nyeusi na nyeupe karibu yote. Sababu yake utaigundua mwenyewe dakika za mwisho.

Anayetaka maroboti na kicheko ana Patlabor ya 1988. Polisi wa Tokyo wanatumia maroboti kukamata wahalifu, bajeti haitoshi, chakula kinachelewa, na konstebo Noa amelipa roboti lake jina la Alphonse na hataki likwaruzwe. Ni kituo cha polisi kama vituo vingine, ila askari wana urefu wa ghorofa.

Legend of the Galactic Heroes kweli ina sehemu 110? Nani ana muda huo?

Kweli, 110, kuanzia 1988 hadi 1997, mbali na nyongeza zilizokuja baadaye. Ziliuzwa kwa wanachama waliojiandikisha, kanda zinawafikia kwa posta. Fikiria mtu anapokea vita vya nyota kwa bahasha.

Chanzo chake ni riwaya za Yoshiki Tanaka. Upande mmoja kuna dola ya kifalme na jemadari kijana Reinhard von Lohengramm, ambaye dada yake alichukuliwa na mfalme kuwa suria na yeye akaapa kuiangusha dola hiyo kutoka ndani. Upande wa pili kuna jamhuri yenye uchaguzi, bunge na wanasiasa waliooza, na mtetezi wake mkubwa ni Yang Wen-li, mtu aliyetaka kusoma historia, akaingia jeshini kwa kukosa ada, na sasa anashinda vita huku akitamani pensheni na chai yenye brandi.

Sehemu za mwanzo zinaonyesha mtindo wake wote. Katika vita vya Astarte, Reinhard ana meli 20,000 na adui ana 40,000. Washauri wake wanataka kurudi nyuma. Yeye anaona kitu kimoja: adui amejigawa katika makundi matatu ili amzingire, na hakuna kundi kati ya hayo linalomzidi nguvu likiwa peke yake. Analiendea la kwanza kabla wengine hawajafika, analivunja, anageukia la pili. Yang, aliye kwenye kundi la tatu, alikuwa ameliona jambo hilo mapema na kuliandikia ripoti, wakubwa wakaipuuza. Nani kati yetu hajawahi kufanya kazi kwenye ofisi ya namna hiyo?

Swali linalozungushwa kwa sehemu zote 110 ni hili: bora mtawala mmoja mwenye akili na huruma, au demokrasia iliyooza? Hadithi haikupi jibu la bei rahisi. Kila upande una hoja, kila upande una wapumbavu, na watu unaowapenda wanakufa pande zote mbili. Nyuma yake unapigwa muziki wa kiklasiki wa Mahler, Bruckner na Dvořák. Mandhari ya vita yenyewe ni ya kawaida, doti nyingi na miale. Watu wanakaa vitini wanazungumza. Kama mijadala ya siasa kwenye kijiwe cha kahawa hukufanya usahau kwenda nyumbani, hii ni yako.

Kuhusu muda: sehemu mbili kila usiku baada ya chakula, bila haraka. Kuna toleo jipya lililoanza 2018, limechorwa vizuri, lakini mimi bado namtuma mgeni kwenye la zamani.

Kuna inayohusu akili bandia?

Macross Plus, sehemu 4, 1994 hadi 1995, waongozaji Shoji Kawamori na Shinichiro Watanabe, muziki wa Yoko Kanno. Marubani wawili waliokuwa marafiki wanashindana kujaribu ndege mbili mpya za kivita, na mwanamke waliyempenda wote wawili sasa anamsimamia Sharon Apple, mwimbaji nyota ambaye si mtu bali programu. Mashabiki wanajaza ukumbi kumwona mtu asiyekuwepo. Mwaka 1994 hiyo ilikuwa ndoto, leo ni habari ya Jumanne. Ndege zake bado hazijapata mpinzani, hasa pale makombora yanapotapakaa angani kama siafu waliochokozwa.

FLCL nimeitazama na sijaelewa kitu. Tatizo ni langu?

La. Sehemu 6, 2000 hadi 2001, Kazuya Tsurumaki. Mvulana Naota anagongwa na pikipiki ya mwanamke mwenye gitaa, kisha maroboti yanaanza kumtoka kichwani. Usiitafutie fumbo. Ni hadithi ya mvulana anayebalehe katika mji usiotokea kitu, imechorwa jinsi balehe inavyohisiwa. Sikiliza nyimbo za bendi ya The Pillows, ruhusu ikupite, halafu irudie mwezi unaofuata.

Na Angel's Egg?

Dakika 71, 1985, Oshii tena, pamoja na michoro ya Yoshitaka Amano. Msichana anatembea na yai kwenye mji uliokufa, mwanamume anamfuata, maneno ni machache mno. Wavuvi wanakimbiza mitaani vivuli vya samaki wasiokuwepo. Haikuuza wakati wake, sasa inaheshimiwa dunia nzima. Inapendeza ajabu na itakulaza ukiitazama umechoka.

Nina mtoto nyumbani. Kwa kuwa ni katuni, nimwekee tu?

Hapana, mzazi mwenzangu, usimwekee kabla hujaiona. Soko hili lilikuwa la watu wazima, na ponografia iliingia mapema kabisa, tangu 1984. Picha kwenye jalada haitakuonya. Hata zile nzuri zina damu: Kenshin si ya mtoto, Hellsing Ultimate si ya mtoto hata kidogo, na zile za Yoshiaki Kawajiri za miaka ya themanini kama Wicked City zina ukatili wa kingono ambao hata mimi siusifu. Kwa mtoto aliyefika sekondari, Patlabor na Giant Robo zinapitika. War in the Pocket pia, ila ukae naye.

Zipi niziepuke?

Zile zisizo na mwisho ndizo hukera zaidi. Kampuni zilitoa sehemu mbili tatu, mauzo yakigoma zikaishia hapo, au zilitengenezwa kumtangazia msomaji kitabu cha katuni. Battle Angel ya 1993 ina sehemu 2 nzuri zinazogusa mwanzo tu wa kazi ya Yukito Kishiro. Tazama, kisha jiandae kusoma. Bubblegum Crisis iliishia sehemu ya 8 ikiwa bado ina ya kusema, lakini hiyo nakuruhusu, kwa ajili ya nyimbo na mji wake wa usiku.

M.D. Geist ya 1986 ni mbaya waziwazi: askari asiyeshindwa, nywele, milipuko, hakuna hadithi. Kampuni ya Marekani iliyoisambaza iliipenda hadi ikamfanya Geist kuwa sura yake. Itazame na marafiki wenye mdomo.

Nitazame kwa Kijapani au kwa sauti za Kiingereza?

Tafsiri ya Kiswahili usiitarajie, kwa hiyo utasoma Kiingereza au utakisikiliza. Kwa kawaida nachagua Kijapani na maandishi chini ya skrini, maana sauti nyingi za Kiingereza za miaka ya tisini zilirekodiwa kwa haraka. FLCL ni tofauti, Kiingereza chake ni kizuri. Na kwenye Macross Plus ya Kiingereza, rubani Isamu anasemwa na Bryan Cranston, yuleyule wa tamthilia ya Breaking Bad, kabla hajawa mtu maarufu.

OAD na ONA ni kitu kilekile?

OAD kwa kawaida ni diski inayofungwa pamoja na kitabu cha katuni. Mfano mzuri ni sehemu mbili za Attack on Titan ziitwazo No Regrets, kuhusu maisha ya mhusika Levi kabla ya kuingia jeshini. ONA hutolewa mtandaoni.

Mbona hazitengenezwi tena kama zamani?

Uchumi wa Japani ulianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha za kuchezea zikakauka. Halafu vituo vya televisheni vikagundua saa za usiku wa manane, ambapo anime ya watu wazima ingeweza kuonyeshwa na kuitangaza diski yake palepale. Sasa mitandao ya kutazamia imechukua nafasi iliyobaki. Hazijafa kabisa: Gundam Unicorn ilitoka kwa sehemu 7 kati ya 2010 na 2014, na ni ya kifahari kweli.

Nitazipata wapi kihalali?

Anza na Crunchyroll, Netflix na chaneli rasmi za YouTube, hasa ile ya Gundam, ambayo huweka kazi nzima kwa muda. Orodha hubadilika kwa nchi, hivyo kilichopo London huenda kisionekane Mombasa. Kwa diski, kampuni ya Marekani Discotek Media imejijengea jina kwa kurejesha anime za zamani. Kabla ya kumwagiza ndugu akuletee, angalia namba ya ukanda nyuma ya kasha, maana deki ya ukanda mmoja kwa kawaida haisomi diski ya mwingine. DVD za Marekani ni ukanda wa 1, za Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati ni wa 2, na sehemu kubwa ya Afrika ni wa 5. Blu-ray za Marekani na Japani ni A, zetu na za Ulaya ni B. Deki isiyofungwa ukanda hukuondolea kero yote, na muuzaji yeyote wa maana anajua ukimwuliza.